Ng'ombe Ambazo Papa Hakutaja

Mahagi, tarehe 6 mwezi wa kwanza 2002

Yaya Wivine,

Jambo sana, na mwaka mupya. Uko namna gani? Na mama yako? Huku siye tuko wazima, isipokuwa mama yangu, jino linamusumbua tangu Noeli na anaogopa koleo ya muganga kuliko anavyoogopa dhambi.

Usishangae. Unanijua kwa jina tu, kama vile mimi ninakujua kwa jina. Weye ni binti wa Papa Anaclet kwa bibi yake wa kwanza, njo nakuita yaya, dada yangu mukubwa; mimi ni binti yake kwa bibi wa pili, Mama Françoise. Papa hajui kama ninakuandikia. Ni Kasereka, ule chofere wa kamio kubwa inayobeba chumvi, njo alinipa akili: "Leta barua, nitaifikisha mpaka Shari, ku nyumba ya dirisha moja na familia mbili." Akacheka. Sikuelewa kicheko chake.

Nina miaka kumi na ine. Niko mu kalasi ya pili sekondari, na mu jografia hakuna anayenipita, hata wavulana. Nachora Afrika nzima bila kutazama kitabu. Nakuambia mapema ili usidhani nina kiburi; ukinijua utaona ni kweli tu.

Picha yako iko ndani ya kitabu cha misa cha Papa. Umevaa inifomu, unatazama chini. Nilimuuliza: "Juu ya nini hacheki?" Akasema: "Ule ni mutoto wa haya. Hata njaa hawezi kuisema." Njo nikaona heri nianze mimi.

Habari ingine: ng'ombe yangu amezaa! Papa alinipa siku ya komunyo yangu. Anaitwa Joyeuse, na anapiga makelele kama mwenye jina. Papa akimukamua anaimba, sauti mbaya kabisa, lakini maziwa inatoka. Na yako iko namna gani? Inazaa?

Nijibu, hata kama ni mistari mbili.

Mudogo wako,
Joyeuse


Bunia-Shari, tarehe 27 mwezi wa kwanza 2002

Kwa Joyeuse,

Salamu. Barua yako ilifika na punje za chumvi ndani ya mukunjo. Mama ni muzima, mimi pia. Pole kwa jino la mama yako.

Sina desturi ya kuandikia watu nisiowajua. Hata kusema nao sina. Ku masomo, mwalimu akitaja jina langu, nilikuwa najibu kwanza kwa Kifaransa ndani ya kichwa, kisha kwa Swahili ndani ya kichwa, na wakati wa kufungua kinywa mwengine amekwisha kujibu. Kwenye karatasi ni afadhali. Hakuna mutu ananitazama.

Kasereka alicheka juu ya dirisha letu. Nikuelezee. Papa na Mama walipopeana talaka, miaka mbili iliyopita, juge wa korti na wazee wa familia zote mbili walikaa ku saloni ya nyumba yetu kugawanya vitu. Papa alitaja mali yake yote: nyumba hii, mashini ya kushona, kinga yake (baiskeli), ng'ombe tano. Juge akamuuliza: "Na ingine?" Papa akasema: "Hakuna." Mama akapata nusu ya nyumba, mashini, na ng'ombe mbili. Papa akapata nusu ya nyumba, kinga, na ng'ombe tatu. Fundi akapiga ukuta wa mbao katikati ya saloni, na ukuta ukagawanya katikati hata dirisha letu moja. Papa alipangisha nusu yake kwa mufanyabiashara wa mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Siku hizi tukitaka hewa tunabisha ku mbao na kuomba ruhusa. Huyu bwana anaogopa mafua.

Ng'ombe za Mama tulizila mwaka jana, yaani tuliziuza wakati wa vita ya mwezi wa kwanza, zikawa unga. Tangu Noeli siko ku masomo tena. Pesa ya walimu imetushinda.

Kwa hiyo nauliza kwa upole: ng'ombe yako ni moja ya zile tatu?

Mimi sina ng'ombe. Sikujua kama mutoto anaweza kuwa nayo. Na sijamusikia Papa akiimba hata siku moja.

Wivine, binti wa Mama Joséphine


Mahagi, tarehe 17 mwezi wa pili 2002

Yaya,

Jambo. Umeniandikia sawa vile juge! Nilitafuta stampi chini ya jina lako. Pole juu ya masomo. Pole kabisa. Mama yangu salama, jino lilitoka, alilia kama mutoto na muganga alilia pia kwa sababu alimuuma kidole.

Hapana, ng'ombe yangu haiko moja ya zile tatu. Zile Papa aliuza zamani, tukapiga nyumba bati. Yangu iko kule kwa Muzee Ukumu, rafiki ya Papa, pamoja na zingine. Mama yako hakukuelezea hii desturi? Mwanaume wa kwetu haweki ng'ombe zote mu zizi lake. Anaziweka kwa rafiki. Rafiki anazichunga, anakunywa maziwa, kila wakati fulani anapata ndama, na watu wanaona ni zake. Ugonjwa ukipita kwako, zile zinabaki. Wezi wakija, zile zinabaki. Na shemeji wakija kuomba, Papa anaonyesha zizi tupu na uso wa huzuni. Mama Françoise anasema ule uso Papa alisomea.

Nilidhani munajua. Kweli, yaya, nilidhani munajua. Jana nilikuwa nasuka nywele ya jirani nikafikiri juu ya barua yako, mikono ikasimama. "Na ingine? Hakuna." Sasa nafanya nini? Ile barua ya kwanza ungeichoma. Papa akijua nimesema, nitalala inje.

Lakini usimuchukie. Kila siku ya posho, siku moja kabla ya siku ya Mungu, tunapanda kule, mimi na yeye, ananishika mukono ku mito. Anaulizia habari yako kwa Kasereka kila safari. Kasereka anamujibu "iko muzima", basi, Papa anafunga kitabu chake cha misa.

Mudogo wako mwenye kinywa kirefu,
Joyeuse


Bunia-Shari, tarehe 10 mwezi wa tatu 2002

Mudogo wangu mupenzi,

Jambo sana, tena sana. Uko namna gani, na Mama Françoise, na kidole cha muganga? Barua yako ilinichekesha mpaka jirani wa mafuta akabisha ku mbao kuuliza kama kuna mugonjwa.

Usiogope. Nani atasema? Mimi ambaye hata njaa siwezi kuisema? Nimesoma barua zako, nimeziweka mahali pazuri.

Nitakuambia kitu kimoja cha kweli, kwa sababu umeniita yaya. Nina wivu. Zamani sikujua jina lake. Nilidhani ni homa. Mukiwa munapanda siku ya posho, mimi huwa ninafua. Nafua kikwembe cha Mama na nawaona: Papa mbele, weye nyuma, anakushika mukono ku mito. Mito ngapi? Sijui. Njo inaniuma zaidi, kwamba hata kukuonea wivu vizuri siwezi, kwa kuwa sijui njia. Ningekuwa najua muti gani munapita, kilima gani, ng'ombe ngapi, rangi gani, labda ningepata amani.

Unasema unachora kuliko wavulana. Mwalimu wetu wa zamani wa jografia alisema watoto wa Mahagi hawajui kuchora hata kaburi la babu yao. Mimi sikumwamini. Lakini sijaona bado. Nichoree kroki ya ile njia, kutoka Mahagi mpaka kwa Muzee Ukumu, na mito, na legende ya alama zote, vizuri kama kwa examen. Nitaibandika ku ukuta wa mbao, upande wetu.

Yaya wako,
Wivine


Mahagi, tarehe 2 mwezi wa ine 2002

Yaya wangu,

Jambo! Kaburi la babu yao? Mwambie huyo mwalimu atazame hii kroki na apige magoti. Nimetumia siku mbili na kalamu ya rangi ya rafiki yangu Tina. Kaskazini iko juu, si kama wengine. Mito ni mitatu (sasa utaonea wivu vizuri). Kutoka soko, unapita kanisa ya zamani, unaacha barabara ya gari ku ule muti uliopigwa na radi, unapanda mulima Apala mpaka majani marefu. Nyumba ya Muzee Ukumu ina milango miwili, zizi iko nyuma, haionekani kutoka barabara. Nimeweka mishale.

Ziko kumi na tisa. Niliziandikia majina zote pembeni, na rangi.

Sasa ngoja. Soma ya kwanza ku liste. Nilikuwa sijui. Nilipouliza majina kwa Muzee Ukumu ili nisikosee, aliniambia: "Huyu mwekundu muzee ndiye mama yao. Papa yako alimununua juma ambalo binti yake wa Bunia alizaliwa. Anaitwa Wivine." Karibu zote zimetoka tumboni mwake, yaya. Na yangu pia! Joyeuse ni mujukuu wa Wivine. Nilikuwa nacheza malkia huku, kumbe mwenye ufalme ni weye, uko Shari unafua.

Basi nami nikuambie: siku ile niliteremuka mulima sikusema neno. Papa akaniuliza kama nina homa. Nilitaka kumujibu: ndiyo, ile ile ya yaya Wivine. Mimi alinipa ng'ombe kwa komunyo, nikiwa na miaka kumi. Weye alikupa ukiwa hata meno huna.

Nijibu upesi. Na uniambie mwalimu alisema nini.

Mudogo wako (mujukuu wako!),
Joyeuse


Mahagi, tarehe 12 mwezi wa tano 2002

Yaya,

Uko muzima? Hii ni barua ya tatu bila jibu: ile ya kroki, ingine ya mistari mbili, sasa hii. Kasereka anaapa kwamba zote mbili alikupa mukononi, na kwamba ulitazama chini ukasema asante. Kama kroki ilikuwa mbaya, sema. Kama nimekuumiza juu ya ng'ombe, sema pia. Nilifikiri utafurahi.

Papa salama. Mvua ni mingi.

Mudogo wako,
Joyeuse


Mahagi, tarehe 30 mwezi wa sita 2002

Yaya Wivine,

Natumaini barua hii itakukuta muzima wewe na mama yako.

Ng'ombe hazipo tena. Tarehe kumi na tisa, saa ine ya asubuhi, askari walipanda Apala. Hawakuuliza njia. Wazee waliokuwa shambani wanasema walipita ku muti wa radi bila kusimama, wakazunguka nyumba mpaka nyuma, sawa vile watu wanaorudi kwao. Muzee Ukumu alijaribu kusema ng'ombe ni zake. Mukubwa wao akacheka, akafungua karatasi, akaanza kusoma: "Wivine, mwekundu. Joyeuse, mweusi na nyota. Fleur, mweupe." Walimupiga na kitako cha bunduki. Jicho la kushoto haoni tena, muganga anasema halitarudi.

Karatasi walitupa palepale, kazi yake ilikuwa imekwisha. Muke wa Muzee Ukumu aliiokota akamuletea Papa. Mimi nilikuwa nachambua sombe. Papa aliiweka mbele yangu, juu ya yale majani ya mihogo. Kaskazini iko juu. Rangi ya Tina. Herufi yangu, ile J ninayopinda mukia.

"Ni yako?"

"Ni yangu, Papa."

"Ulimupa nani?"

Nilinyamaza. Yaya, mimi ambaye kinywa changu hakina kifuniko, nilinyamaza. Aliuliza mara tatu. Mama Françoise alinipiga ili niseme, sikusema. Tangu siku ile Papa hanisemeshi. Akitaka maji anamuambia mama yangu, mama yangu ananiambia mimi, nami nimesimama pale pale. Watu wa Apala wanasema niliuza ng'ombe kwa mwanaume mwenye bunduki. Ku masomo Tina ameomba kalamu yake.

Sikuandikii kwa kugombana. Nauliza tu kama alivyoniuliza yeye: ulimupa nani?

Mudogo wako, kama ungali unapenda,
Joyeuse


Bunia-Shari, tarehe 21 mwezi wa saba 2002

Mudogo wangu Joyeuse,

Salamu yangu naogopa kuiandika. Kuuliza habari ya nyumba yenu ni kama muchawi kuuliza habari ya mugonjwa. Lakini nauliza. Muzee Ukumu yuko namna gani? Jicho la pili linaona?

Nilimupa noko Aimé, kaka ya Mama.

Nitakuambia yote, kwa mufululizo, na usiruke mistari.

Barua yako ya mwezi wa pili, ya Muzee Ukumu na desturi, nilimusomea Mama siku ile ile. Mama alikuwa ku mashini. Aliacha kukanyaga. Alisema: "Miaka kumi na saba niliosha shati la yule mwanaume. Najua vifungo vyote. Ng'ombe sikujua." Akaendelea kushona, akashona mukono wa blauzi mahali pa shingo. Akamuita noko.

Mama alitaka twende kwa juge. Noko akacheka: "Juge amekimbilia Uganda na toge yake, ile kanzu ya korti. Sheria siku hizi iko na bunduki. Namujua mukubwa moja wa askari. Atakwenda, ataleta, nusu yake, nusu yetu."

"Na akichukua yote?" Mama akauliza.

"Dada, si wamekwisha kukuchukulia yote? Unaogopa nini tena?"

Mama alikata uzi wa mashini. Kisha akasema: "Hapana. Hata hatujui ziko wapi. Tuache." Alisema tuache, Joyeuse. Usimuweke Mama ndani ya hii zambi. Njo pale mimi, ambaye hata "présente" ilikuwa inanishinda ku kalasi, nilisema kwa sauti, mbele ya mwanaume: "Mimi naweza kujua."

Noko alinitazama mara ya kwanza mu maisha yake. "Ona huyu! Kumbe ana ulimi!" Nilifurahi. Nikakuandikia ile barua ya "mupenzi". Ile ya mwalimu na kaburi la babu. Hakuna mwalimu aliyesema vile, nilitunga mwenyewe, na nilijivunia. Lakini wivu haukuwa uongo. Nilichukua kitu cha kweli nikakitia ku ndoano.

Sasa sikiliza ile ambayo sijamuambia hata padiri. Utafikiri nilitoa kroki kabla ya kusoma habari ya ng'ombe Wivine. Hapana. Nilisoma. Nilisoma mara tatu, nimesimama ku dirisha. Mutu mwema angelia, angesema: kumbe Papa alinipenda. Mimi nilisema: jina ni langu, maziwa anakunywa yeye. Miaka kumi na sita ng'ombe yangu imenyonyesha nyumba ya watu, imemupeleka Joyeuse ku masomo, na mimi nafua. Nilimutaka aje. Niliona atafika Shari na kamba shingoni, nitamufunga mbele ya ukuta, jirani wa mafuta atatazama kwa nusu ya dirisha lake. Niliwaza askari kama watu wa kuleta mizigo. Nikakata karatasi ya kroki, nikampa noko kabla ya jioni. Njo maana sikukujibu. Kila barua yako niliiweka chini ya godoro, nikaisikia mugongoni.

Tarehe ishirini na ine mwezi wa sita noko alifika na paja la ng'ombe ndani ya gunia. Akasema hii ni sehemu yetu kwa sasa, ingine itafuata. Hakuna ingine iliyofuata. Mukubwa amekwenda upande mwengine na zote zimekwisha kuuzwa kwa nyama. Noko siku hizi akituona sokoni anapita nyuma ya mizigo ya mihogo. Nyama ile tulipika. Ilikuwa ngumu, siku mbili jikoni bado ngumu. Mama akasema: "Huyu alikuwa muzee. Huyu alizaa mingi." Nilikuwa na kipande mudomoni. Nilimeza, Joyeuse. Nilimeza kwa sababu nilikuwa na njaa na kwa sababu kutema kungekuwa kusema.

Na bado haijaisha. Barua yako ya mwisho ilipofika, nilisoma kwamba Papa hakusemeshi. Siku mbili nilifurahi. Nilifua nikiwa naimba. Nilisema: sasa hata yeye ajue namna ukimya wa Papa unavyokaa mu nyumba. Siku ya tatu nilifika mahali unaposema ulinyamaza mara tatu, nikaelewa kwamba ulinyamaza kwa ajili yangu. Mimi niliongea ili nikuangushe, weye ulinyamaza ili nisianguke. Na ni mimi njo naitwa mutoto wa haya.

Ndani ya hii bahasha kuna karatasi ingine, imekunjwa, ina jina la Papa. Nimeandika yote: noko, kroki, uongo wa mwalimu, nyama. Nimeandika kwamba weye hukujua kitu. Mupe mukononi. Usiisome, si kwa sababu ya siri, lakini kuna mistari mitatu pale ambayo ni yangu na yeye juu ya kutaja na kutotaja. Akitaka kunilaani, anilaani. Asikunyime weye neno kwa kosa langu.

Siombi unisamehe. Naomba tu uandike kama aliipokea.

Yaya wako, hata kama sistahili jina,
Wivine


Mahagi, tarehe 18 mwezi wa kumi na moja 2002

Wivine,

Muko wazima? Nauliza kweli. Kasereka hajaweza kupita tangu mwezi wa nane. Tulisikia Bunia inaungua, kisha tukasikia hapana, ni upande moja tu, kisha hatukusikia kitu. Jana amefika, amekonda, kamio haina vioo. Anasema aliona nyumba yenu imesimama na Mama Joséphine anashona. Juu yako anasema "alitazama chini". Basi nimejua uko hai.

Barua yako iliingia hapa siku chache kabla njia haijafungwa. Yangu niliisoma nyuma ya jiko. Ya Papa sikuifungua, ingawa niliishika ku jua mara mbili. Nilikaa nayo siku tano. Usifikiri nilikuwa nakuhurumia. Nilikuwa naogopa kwamba akijua ni weye, hasira yake yote itahamia Bunia, na mimi nitabaki hata bila hasira yake.

Siku ya sita nilimupa. Aliisoma amesimama, midomo inatembea. Akarudia. Nilingoja anitazame, aseme "mwanangu, nilikukosea". Nimengoja hilo neno miezi miwili. Alikunja karatasi, akasema:

"Vita imefika Shari. Wanakula nini kule?"

Hilo njo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu. Juu yako. Nilikwenda kuchota maji bila ndoo.

Baadaye aliniomba samahani, siku ya Mungu, mbele ya mama yangu, vizuri. Nilikubali. Lakini lile la kwanza lilikuwa lako, na mimi najua kupanga vitu kwa mufululizo.

Kisha alifanya kitu ambacho Mama Françoise hajamusamehe. Alikwenda kwa wazee wa familia, wale waliobaki, akawaambia: siku ya talaka nilidanganya, nilikuwa na ng'ombe kumi na ine mbali, zikazaa. Wazee wakamuuliza, sasa uko na nini? Akasema, ndama moja. Ni ya kweli, Wivine. Siku ya askari ilikuwa na ugonjwa wa macho, Muzee Ukumu alikuwa ameifunga kwa dada yake kule ngambo ya mto wa pili, ili isiambukize zingine. Ni jike, mwekundu. Ni mutoto wa mwisho wa ng'ombe Wivine.

Wazee wakauliza agawanye namna gani ndama moja. Papa akasema haigawanyiki. Ni ya Mama Joséphine, yote. Muzee Ukumu, na jicho lake moja, alikuwa amekaa pale. Walimuuliza kama yeye hadai kitu. Alisema anadai kukuona uso, basi.

Mama yangu alitupa sufuria inje. Alisema: "Na huyu aliyepigwa makofi mu nyumba hii, yeye anapata nini?" Papa alitoka kuokota sufuria. Mimi pia nilikuwa namutazama, nangoja jibu.

Tangu siku ile ndama iko hapa kwetu. Ni mimi ninaichunga, ninaiosha macho na maji ya chumvi asubuhi na jioni. Imenizoea. Inanifuata mpaka mulango wa kalasi, watoto wanacheka, na Tina amerudi kunisemesha kwa ajili yake. Haijapata jina. Papa anasema jina mutatoa ninyi.

Ameniambia nikuandikie hivi: njia ikifunguka, Kasereka atakuleta, weye mwenyewe, si noko yako, si mama yako. Utaichukua hapa, mbele ya wazee, mbele ya mama yangu, na utapita kwanza Apala kwa Muzee Ukumu. Hayo ni maneno ya Papa, nimeyaandika yote.

Yangu ni haya. Siku utakapofika, kamba itakuwa mukononi mwangu. Nitakuwa nimesimama ku mulango, na nitakupa mukono wa kushoto kwa sababu wa kulia utakuwa umeshika. Utaniambia "leta". Labda utaniambia kwa sauti, kama ulivyosema siku ile mbele ya noko.

Sijui kama nitaiachilia.

Njoo.

Mudogo wako,
Joyeuse